Kwenda kwa Miguu Hadi Tembe la Kwihara na Mabaki ya Ngome za Unyanyembe

Kila shule zikifunga, vijana wa Tabora hunijia na maswali yaleyale. Kwihara ni mbali? Lazima niwe na mwenyeji? Kuna ngome kweli kule, au ni nyumba ya udongo tu? Ninaruhusiwa kupanda kilima? Haya majibu yake, yote mahali pamoja. Nimemwandikia mtu anayeanzia Tabora mjini, anayetaka kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na ambaye hajawahi kutembea mwendo mrefu zaidi ya kwenda shambani.

Kabla ya yote, ujue unaendea nini. Usitarajie kuta za mawe kama za Kilwa Kisiwani. Ngome za Unyanyembe, yaani utawala wa Wanyamwezi uliokuwa hapa Tabora, zilijengwa kwa udongo, magogo na uzio wa minyaa, na udongo usioezekwa haumalizi masika mengi. Tembe la Kwihara, nyumba ya udongo yenye paa la udongo, unalikuta limesimama kwa sababu lilijengwa upya mwaka 1957. Humo ndimo David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti, alimokaa tangu Februari 1872, alipofika na mwandishi wa habari Stanley kutoka Ujiji, hadi tarehe 25 Agosti mwaka huohuo, akiwasubiri wapagazi kutoka pwani. Ngome nyingine nyingi zimerudi ardhini. Ya Mtemi Isike, mtawala wa Unyanyembe aliyewasumbua Wajerumani mwaka 1892, ilivunjwa Januari 1893 na kikosi cha afisa wa Kijerumani Tom von Prince. Isike alilipua baruti yake akiwa ndani kuliko kujisalimisha. Leo mgeni anaweza kupita juu ya mahali kama hapo akidhani ni shamba lililolala.

Kwa hiyo kutembea ndiyo sehemu nyepesi ya safari hii. Sehemu ngumu ni kuona, na ndiyo nitakayoisemea zaidi.

Uende lini

Juni hadi Agosti. Mji uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi za miezi hiyo ni za baridi na unatembea vizuri. Majani yamekauka na kulala, ardhi inaonekana. Septemba na Oktoba jua ni kali na moshi wa mioto ya porini hufunga macho. Kuanzia Novemba mvua zikishika, udongo mweusi wa mbugani unang'ang'ania viatu, na majani marefu yanaficha kila ulichokwenda kukiona, nyoka akiwemo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Maji lita tatu kwa kila mtu. Usitegemee visima vya njiani.
- Raba zenye soli nene ambazo mguu umeshazizoea. Ndala na viatu vipya viache nyumbani.
- Suruali ndefu au gauni refu lenye nafasi, shati la mikono mirefu, kofia pana. Ukikusudia kupitiliza kuelekea misitu ya kusini, usivae bluu wala nyeusi, maana mbung'o hufuata rangi hizo.
- Chakula kisichoharibika: matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga, ndizi, mayai ya kuchemsha. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, ni mizuri lakini inakausha koo na itakumalizia maji.
- Kitambulisho chochote halali. Wanafunzi wachukue cha shule.
- Fedha taslimu za noti ndogondogo, na salio la kutosha kwenye simu.
- Simu iliyojaa chaji, ramani uliyopakua ukiwa na intaneti, na filimbi.
- Bendeji pana mbili, dawa ya kuua vijidudu, pakiti chache za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini.
- Mtu wa pili. Hili silipunguzi hata kidogo: usiende peke yako, uwe mwanamume au mwanamke. Mguu ukiteguka ukiwa peke yako, safari ndogo inakuwa msiba.

Hatua kwa hatua

1. Piga hodi siku mbili au tatu kabla. Tembe la Kwihara ni eneo la mambo ya kale lililo chini ya serikali, lenye kiingilio. Uliza kwenye ofisi za halmashauri, upande wa utalii na utamaduni, kama mhudumu atakuwepo siku unayotaka na malipo yanafanyikaje. Ukitaka kuona mabaki nje ya eneo hilo, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa husika. Jitambulishe, taja umetoka wapi, mko wangapi, na useme wazi kwamba mnakuja kutazama na hamtachimba chochote. Hiyo sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko unavyofikiri, na sababu yake nitaieleza chini. Mwombe mwenyekiti akupe mwenyeji, na mkubaliane malipo yake kabla ya kuondoka. Mzee aliyelima hapo miaka arobaini atakuonyesha vitu ambavyo hakuna ramani inayovionyesha.

2. Mwachie mtu ratiba. Mnapita wapi, mko nani, mtarudi saa ngapi, na afanye nini msipoonekana. Mama, kaka, mwenye nyumba, yeyote atakayekumbuka.

3. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kula kwanza. Wanaoanza husubiri chai ya saa tatu, kisha jua la saa sita linawakuta katikati ya njia, maji yamebaki nusu. Faida nyingine ya mapema utaiona katika hatua ya saba.

4. Shika njia ya kusini-magharibi. Kutoka mjini hadi tembe ni kama kilomita sita, zaidi kidogo ukianzia upande wa mbali wa mji. Kwa mwendo wa kawaida weka saa moja na nusu hadi mbili. Tembea upande wa kulia wa barabara ili magari na bodaboda yanayokuja upande wako uyaone usoni, na mkiwa wengi mfuatane mmoja nyuma ya mwingine. Ukiwa na watoto au mzee, hakuna aibu kuchukua bodaboda au bajaji wakati wa kwenda mkatembea wakati wa kurudi, au kinyume chake. Pumzika kabla hujachoka. Maji yanywe kidogokidogo kila baada ya muda, usingoje kiu.

Ukiuliza njia, sema "Kwihara, kwenye tembe la Livingstone". Uliza watu wawili tofauti kabla ya kukunja kona, na usiwaulize kwa kuwawekea jibu mdomoni. "Njia ni hii, sivyo?" itajibiwa "ndiyo" kwa heshima tu. Uliza "Njia ya Kwihara ni ipi?"

5. Salimia. Wakubwa wape shikamoo yao. Asubuhi ukisema "mwangaluka" kwa wazee wa Kinyamwezi utaona uso unavyofunguka. Usipite uani kwa watu wala katikati ya shamba lililolimwa ili kufupisha njia, na usimpige mtu picha kabla hajakubali.

6. Kaa ndani ya tembe kwa muda wa kutosha. Lipa kiingilio, dai risiti, kisha mwache mhudumu aeleze bila kumharakisha. Halafu zunguka mwenyewe ukiangalia jengo: unene wa kuta za udongo, dari ya miti iliyobeba paa la udongo, vyumba vilivyouzunguka ua. Ramani ya nyumba hii ishike kichwani. Ndiyo ufunguo wa mabaki ya nje, kwa sababu kila tuta utakalokutana nalo baadaye lilikuwa ukuta wa namna hii. Wanaopitia tembe kwa dakika kumi na kukimbilia kilimani hurudi wakisema hawakuona kitu.

Kumbuka pia kwamba hapa ndipo Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa Livingstone, walipofika Oktoba 1873 wakiubeba mwili wa Livingstone kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia, wakiwa safarini kwenda Bagamoyo. Unapolalamikia kilomita sita, wakumbuke hao. Majina yao yanastahili kutajwa kwa sauti kila tunapofika pale.

7. Jifunze kuyaona mabaki. Fanya hivi asubuhi jua likiwa chini, au baada ya saa kumi jioni. Jua la pembeni hulaza kivuli nyuma ya kila mwinuko, hata ule wa kimo cha kiganja. Saa sita mchana ardhi yote huonekana sawa, na ukuta uliokuwa mbele yako unapotea machoni.

Tafuta matuta kwanza. Ukuta wa udongo ukiyeyuka huacha tuta refu, la chini, lililonyooka au lenye kona. Kichuguu ni mviringo na kimesimama, na hapo ndipo wanaoanza wanapokosea: wanaona kichuguu wanadhani mnara, wanakanyaga ukuta wanadhani ngazi ya shamba. Fuata tuta kwa macho mpaka likunje kona. Ukipata kona mbili, simama katikati ujiulize ua ulikuwa wapi.

Kisha angalia minyaa. Maboma mengi ya Unyamwezi yalizungushiwa minyaa, na mmea huu huendelea kuchipua ukuta wa ndani ukiwa umeshakwisha. Duara au safu ya minyaa mizee isiyo na nyumba karibu ni dalili nzuri. Lakini usiivunje wala kuisukuma. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kukupofusha.

Miembe nayo inasema kitu. Misafara ya biashara kutoka pwani ilieneza miembe kwenye njia yake yote, kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Kilimatinde hadi hapa na kuendelea mpaka Ujiji. Mwembe mmoja si ushahidi, kila kaya ina wake. Miembe mikubwa iliyozeeka, iliyopangana kwa mstari, ndiyo ya kuisogelea. Chini yake inamia utazame ardhi. Unaweza kuona vigae vya vyungu, pengine kipande cha bakuli lenye rangi ya kung'aa au ushanga. Hivyo viwili vya mwisho havikutengenezwa hapa, vilikuja na wapagazi.

Tazama, piga picha ukiweka sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane, kisha kiache palepale kilipolala. Namaanisha palepale. Mtafiti akija, kigae kinamweleza umri wa mahali kwa sababu ya kina kilipo na vilivyo jirani nacho. Kikiwa kwenye droo ya mtu hakielezi lolote, na shimo kilipotoka limeharibu hata habari za vilivyobaki. Hatuna maandishi mengi ya Wanyamwezi wenyewe ya wakati wa Isike na wa Mirambo, mtemi mwingine mashuhuri wa Unyamwezi. Tuna masimulizi ya wazee na tuna udongo huu. Basi.

Mashimo utayaona ya aina mbili. Yale mapana yenye kingo zilizolala, yanayoshika maji wakati wa masika, huenda ndimo udongo wa kujengea ulimochotwa. Yale yenye kingo kali na rundo la udongo mpya pembeni ni ya watafuta mali. Usiingie humo, yanabomoka.

8. Panda kilima, kama umeruhusiwa. Mji huu umezungukwa na vilima vya majabali, na kutoka juu unaziona safu za miembe na mizunguko ya minyaa kwa namna ambayo chini haiwezekani. Ila muulize mwenyeji kwanza kama kilima hicho ni cha matambiko. Kama ndivyo, utafuata masharti yake au utaishia chini. Ukikuta chungu, kitambaa au unga uliomwagwa, usiguse na usipige picha.

Juu ya jabali fuata kanuni hizi. Viungo vitatu vishike mwamba, kimoja tu kisogee. Usiingize mkono kwenye ufa usiouona ndani, humo hulala nyoka na hujenga nyuki. Usipande mahali ambapo hujaona utashukaje, kwa sababu kushuka ndiko kunakoangusha watu. Jabali lenye kuvu likilowa linateleza hata kwa raba nzuri. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, shuka mara moja, wala usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

9. Rudi jua likiwa bado lina nguvu. Ukichagua kusubiri mwanga wa jioni, panga usafiri wa kukurudisha mjini tangu asubuhi. Kutembea barabarani gizani ni hatari kubwa kuliko nyoka wote wa Unyanyembe. Takataka zako zote, hata maganda ya mayai, rudi nazo. Msalimie mwenyekiti au mwenyeji mkiondoka, msipotee kimyakimya.

Kuhusu "mali ya Mjerumani"

Nimekwambia useme mapema kwamba huchimbi, na sababu ni hii. Kuna imani iliyoenea kwamba kila gofu lina dhahabu chini yake, na mgeni mwenye simu na begi mgongoni hushukiwa haraka. Imani hiyo ina mzizi wa kweli. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa, walipiga hapa Tabora, kwenye karakana ya reli, sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakauchukua mji.

Sasa pima mwenyewe. Ngome ya Isike ilianguka miaka 23 kabla ya sarafu hizo kuwepo. Tembe la Kwihara lilikuwa na wenyewe tangu kabla Wajerumani hawajafika. Zilipigwa ili zitumike kulipia, na zikaingia mikononi mwa watu. Anayebomoa tuta la Unyanyembe kutafuta rupia anabomoa historia ya babu zake kwa kitu ambacho hakikuwekwa pale. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba maeneo ya kale bila leseni. Akija mtu akakushawishi mchange fedha za "kifaa cha kupima dhahabu", ondoka.

Mambo yakienda kombo

*Nimefika, tembe limefungwa.* Usiruke uzio. Waulize majirani mhudumu anakaa wapi, mara nyingi wanajua. Asipopatikana, fanya hatua ya saba ukiwa na mwenyeji, na tembe urudi siku nyingine.

*Tumepotea.* Simameni. Msigawanyike. Angalieni ramani ya simu, na kama haisaidii rudini kwa njia mliyoijia hadi mahali pa mwisho mnapopakumbuka. Pigeni filimbi mara tatu, mtulie, mrudie. Eneo hili lina watu, na sauti ya jogoo au ya kinu itawapeleka kwenye kaya.

*Nyuki wametuvamia.* Huu ni mkoa wa asali, na mizinga hutundikwa mitini. Kinga ni kutojipaka manukato, kutopumzika chini ya mzinga na kutorusha mawe. Wakishavamia, kimbia moja kwa moja bila kurusharusha mikono, funika uso kwa shati, ingia kwenye nyumba na ufunge mlango. Ondoa miiba haraka kwa kuikwangua kwa ukucha. Mtu akivimba midomo au akihema kwa shida, hospitali bila kuchelewa.

*Mwenzetu ameumwa na nyoka.* Mtulize, asitembee. Vua pete, bangili na kiatu upande ulioumwa. Funga kiungo kwenye kijiti ili kisichezecheze, bila kukaza. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu, usipoteze muda na jiwe la nyoka. Angalia saa aliyoumwa, tafuta usafiri, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete. Nyoka mwache, usimfukuze ili kumpeleka kama ushahidi.

*Utomvu wa minyaa umeingia jichoni.* Usifikiche. Mwagia maji safi mengi kwa muda mrefu, robo saa au zaidi, hata kama ni maji ya kunywa yaliyobaki. Kisha hospitali, hata maumivu yakipungua.

*Kichwa kinauma, nasikia kichefuchefu, jasho limekata.* Jua limekushika. Kivulini sasa hivi, legeza nguo, lowesha kichwa na shingo, kunywa maji yenye chumvichumvi taratibu. Safari imeishia hapo, ita bodaboda. Ukianza kuzungumza mambo yasiyoeleweka, wenzako wakupeleke hospitali huku wakiendelea kukupoza.

*Naweza kuunganisha na Boma la Wajerumani mjini?* Lile si gofu, limesimama na linatumiwa na jeshi. Usilisogelee na kamera bila kibali.

*Nimeokota kigae wiki iliyopita kabla sijasoma haya.* Kipeleke kwa mhudumu wa Kwihara, umweleze ulikipata wapi kwa usahihi unaoweza: chini ya mwembe upi, upande gani wa tuta. Kama una picha ya mahali hapo, mwonyeshe.